Mwalimu wa Plazma Hasubiri

Amba Wuha, Tikimti 9, mwaka 1998 wa Ethiopia

Mdogo wangu Demissew,

Hujambo? Umeshindaje, umelalaje, kifua kimepona, mwenye nyumba wako bado anakufungia maji? Jibu yote, maana ukiandika mistari miwili Mama hunilazimisha niisome upya akidhani nimemficha mengine. Sisi wazima, Mungu asifiwe. Mama goti linamsumbua tangu mvua zilipokatika, lakini kanisani anakwenda, na akirudi bado ana nguvu za kuniuliza kwa nini sijaolewa. Tefu shambani imestawi mwaka huu. Yule jogoo wa jirani yetu Aselef amekufa, na kusema kweli mtaa mzima sasa unalala vizuri.

Mama anafurahi mno kwamba umeacha kufundisha darasani na kuingia ofisi ya vipindi vya shule huko Addis. Mimi pia nafurahi. Sasa nisikilize, nina jambo.

Hii plazma yenu, hii televisheni ya kufundishia, itaniua. Wameileta, wakaifunga ukutani ndani ya kizimba cha chuma, ufunguo anao mkuu wa shule. Somo la hesabu likianza mimi napewa dakika chache za kusema habari za asubuhi, kisha anatokea yule bwana kwenye kioo, anaporomosha Kiingereza chake, na mimi nabaki pembeni kama mtu aliyekuja kudai viti vyake baada ya harusi. Anauliza swali. Anasema, "Jadiliana na jirani yako." Watoto ndiyo kwanza wanageuza shingo, yeye keshasema, "Vizuri sana!" Vizuri nini? Nani kajibu? Mwanzoni darasa lilikuwa linacheka. Siku hizi halicheki tena, kwa sababu wakicheka wanapitwa na ukurasa mwingine.

Sikatai kila kitu, usije ukaniita mshamba. Ule mstari unaojichora wenyewe polepole, ukapanda, ukapinda, ukashuka, mimi na chaki yangu siuwezi hata nikipewa mwaka mzima. Nilipouona mara ya kwanza nilitaka kupiga vigelegele. Nikasogea niwaonyeshe watoto pale kileleni, "Tazameni hapa," nageuka, umeshakwenda zake.

Kuna msichana wangu wa darasa la kumi, Zinash Abegaz, anatoka ng'ambo ya mto kila siku kwa miguu. Akili yake inakwenda taratibu na ikishashika haisahau. Huyu humwinulia mkono yule bwana wa kwenye kioo. Wenzake wanamtania, "Mpungie basi akuone!" Mkono anaushusha mwenyewe. Mwisho wa Ginbot, miezi saba kutoka sasa, ni mtihani wa taifa. Asipopita, baba yake ameshasema wazi: ni Uarabuni akafue nguo za watu, au ni mume. Na hayuko peke yake, darasa langu limejaa wasichana wa namna hiyo.

Ombi langu ni moja. Waambie wakubwa zako, yule bwana akiuliza swali, asubiri. Au watupe vipindi kwenye diski niwe naisimamisha mwenyewe. Hilo tu.

Dada yako,
Worknesh


Addis Ababa, Hidar 20, 1998

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya huku. Kifua kimepona. Maji bado yanafungwa. Mwambie Mama nakula vizuri, na kwamba mchuzi wa shiro wa huku haufiki hata kwenye kisigino cha ule wake. Nisamehe kuchelewa, kazi imenielemea.

Keti kwanza. Na Mama aketi.

Wamekubali kwamba kuanzia muhula wa pili vipindi vingine vifundishwe na watu wa hapa nyumbani badala ya wale walimu wa kigeni mnaowaona kwenye kioo. Wametujaribu mmoja mmoja mbele ya kamera. Hesabu ya darasa la kumi nimepewa mimi! Yaani kuanzia Yekatit, kila shule yenye dishi, kuanzia Gondar mpaka Jimma, itaniona mimi, mtoto wa Mama. Wamenipa koti. Ni pana, kwa hiyo nyuma wanalibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Wewe ukiniona utaona mbele tu, usicheke.

Watoto wako sasa watafundishwa na mtu anayejua Amba Wuha iko wapi. Si ndilo ulilokuwa unalitaka?

Kuhusu lile ombi lako, nimelisikia. Mambo ya muda yana wenyewe, na diski haziruhusiwi kutoka nje ya jengo. Tutaongea.

Ndugu yako,
Demissew


Amba Wuha, Tahsas 11, 1998

Demissew,

Hongera. Inatoka rohoni, hongera. Nilimsomea Mama, akaniambia nirudie pale penye Gondar na Jimma, kisha akatoka nje na shuka moja begani kwenda kwa Aselef, na kabla kahawa haijachemka mji mzima ulikuwa unajua. Muuza mafuta ya taa kanipunguzia bei. Padri kanisalimia kwanza.

Lakini wewe umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimekuuliza kitu kimoja, umenijibu habari ya koti. Mambo ya muda yana wenyewe? Wenyewe ni nani? Sasa mwenyewe ni wewe! Utakuwa humo ndani, mdomo ni wako. Ukiuliza swali, funga mdomo. Wape watoto nafasi wavute pumzi, wafikiri, wakosee, wafute. Ulipokuwa mdogo nilikufundisha kugawanya mafungu sakafuni kwa maharage, ukalia, ukaninunia, nikakaa palepale mpaka ukapata. Sikukuambia "vizuri sana" hata mara moja kabla hujapata.

Umeme ulikatika Jumanne yote na Alhamisi. Siku hizo ndizo nilizofundisha.

Worknesh


Addis Ababa, Tir 6, 1998

Dada,

Heri ya sikukuu ya Gena iliyopita, na ya sikukuu ya Timkat inayokuja. Nimetuma kahawa kwa dereva wa lori la Woldiya, mwambie Mama asiigawe yote.

Nitajaribu. Naomba tu ujue kwamba mahali penyewe si kama unavyodhani. Ni chumba kisicho na dirisha, taa zinachoma, na mbele yangu hakuna mtu hata mmoja, kuna kioo cha kamera. Nakiuliza swali, kinanitazama. Miaka yangu yote ya kufundisha nilikuwa najua nimepotea njia kwa kutazama macho ya watoto wa dawati la nyuma. Humu sina dawati la nyuma.

Nitajaribu, Worknesh. Usinisukume.

D.


Amba Wuha, Yekatit 14, 1998

Mdogo wangu,

Tumekuona.

Nianze na yaliyo mazuri, Mama ananitazama. Alikuja shuleni asubuhi amevaa lile vazi jeupe la sikukuu, na Aselef, na wanawake wengine wa kanisani. Mkuu wa shule akawakatalia kuingia, wakasimama dirishani. Ulipotokea, Mama alipiga kigelegele mpaka darasa la tisa wakatoka mbio wakidhani kuna bibi harusi. Alilia. Alikuwa anamwonyesha kila mtu, "Tazama pua, pua ya baba yake." Hakuelewa neno hata moja la Kiingereza chako na anasema hajawahi kusikia mtu akieleza vizuri namna ile.

Sasa yaliyobaki.

Walipokuwa wakitokea wale wageni, watoto walikuwa hawasimami. Kwako walisimama, kwa kuwa wewe ni mwalimu wa nyumbani, na mama yako yuko dirishani. Kiongozi wa darasa akasema, "Simameni!" wakasimama wote. Unajua vizuri kwamba kwetu mwanafunzi hakai mpaka mwalimu amwambie kaa. Na wewe hukusema kaa. Ulianza moja kwa moja na milinganyo yako, na darasa zima limesimama na madaftari mkononi, wakinitazama mimi. Ikabidi niwaketishe mimi kwa niaba yako. Walipokuwa wanavuta viti, ulikuwa umeshauliza swali la kwanza na kulijibu.

La pili umelijibu mwenyewe. La tatu umelijibu mwenyewe. Zinash alikuwa na mkono juu tangu la kwanza. Baadaye akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, huyu ndugu yako anakimbizwa na nani?" Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Uliniambia utajaribu. Nini ulichojaribu? Niambie, labda kilipita nikiwa nashughulika na viti.

Worknesh


Amba Wuha, Megabit 22, 1998

Demissew,

Sijapata jibu. Barua hii ni ya Mama. Amekaa mbele yangu na mkono ameuweka juu ya karatasi ili nisiruke neno. Haya.

Mwanangu, baba yangu, nuru yangu, mimi mama yako nakusalimu. Goti ni lilelile. Tunafunga, hatuli nyama wala maziwa, tunakuombea. Andika, Worknesh. Mwanangu, dada yako amekuzima. Andika kama nilivyosema! Amekuzima. Aselef alipita shuleni kuuza kolo, shayiri yake ya kukaanga, akachungulia dirishani akuone, akamwona dada yako anainua ule mwiko mdogo mweusi, anakuelekezea usoni, na wewe ukatoweka katikati ya neno. Mtu mzima aliyevaa koti! Mbele ya watoto wa watu! Mimi nimezaa wawili tu, na mmoja anamfunga mwenzake mdomo. Nimemuuliza, anasema, "Mama, huelewi." Mimi nisielewe? Kwetu hata mgeni tusiyemjua hakatwi kauli, sembuse ndugu wa tumbo moja. Toka siku hiyo kahawa namimina, lakini sisemi naye. Mwambie aache. Wewe ni mwanaume, mwambie. Mwisho wa maneno ya Mama.

Sasa naandika yangu, yeye anadhani bado naandika yake.

Ni kweli nimekuzima, kwa rimoti. Si mara moja. Nakuacha mpaka ule mchoro ujichore, mchoro nauthamini, kisha nakuzima, nakuwa na watoto na chaki kwa muda uliobaki. Wanauliza. Wanakosea kwa sauti kubwa, raha tupu. Ndugu yangu, sikukuzima kwa chuki. Nilikuzima kwa sababu hukunyamaza.

Kama mkuu wa shule anajua au hajui, hilo lisikusumbue.

W.


Addis Ababa, Miazia 19, 1998

Worknesh,

Heri ya sikukuu ya Fasika kwenu baada ya mfungo. Mwambie Mama nimesoma maneno yake yote na nimefungulia kwa kuku, si vibaya.

Limenisumbua. Jina la shule yako limefika huku. Meneja alisoma taarifa kutoka wilayani mbele ya watu wote kwenye kikao, mwalimu fulani wa Amba Wuha anazima vipindi vya hesabu, kisha akavua miwani akaniuliza, "Demissew, dada yako ana nini na wewe?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nifanyeje.

Kwa hiyo uliandikiwa onyo, na hukuniambia. Mimi naambiwa lisinisumbue!

Haya, na mimi kuna nililokuficha. Nilisubiri, Worknesh. Tangu kipindi kile cha kwanza. Nilisema "ketini," nilisema na tabasamu. Niliuliza swali nikafunga mdomo nikahesabu moyoni, nikaona kama nawaona. Halafu kipindi kinakwenda kwa fundi wa kukata picha. Kila nilipokaa kimya, amekata. "Ketini" imekatwa, eti si sehemu ya somo. Nilimfuata nikamuuliza. Si mtu mbaya. Ananiambia, "Kaka, kioo kikikaa kimya mtu atadhani mtambo umekufa. Nitafukuzwa." Nikaenda kwa meneja, akanionyesha ratiba, kila dakika ina jina lake. Nilikuja huku nikidhani nitaibadilisha hii kazi kutoka ndani. Imenibadilisha mimi, sasa hata kwenye chakula nauliza na kujijibu.

Barua yako ya Yekatit niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikashindwa kuijibu. Nilitaka angalau wewe uniamini kwamba mimi ni mkubwa humu. Heri uniite mwenye majivuno kuliko kujua kwamba sina nguvu hata za kunyamaza.

Sasa sikia. Kabla ya mtihani kuna wiki ya marudio, na vipindi vya wiki hiyo havirekodiwi, vinakwenda hewani moja kwa moja. Hakuna wa kukata. Changu ni Jumatano, Ginbot 9, saa tatu asubuhi. Siku hiyo nitasubiri. Liwalo na liwe, nitasubiri.

Usinizime siku hiyo. Nakuomba.

Demissew


Amba Wuha, Ginbot 8, 1998

Mdogo wangu,

Tuko wazima. Mama ameanza kusema nami tena baada ya kumsomea barua yako, ila sasa amemgeukia fundi wa kukata picha. Kila jioni anamtaja kwenye sala zake, na sala zenyewe si za kumwombea heri.

Nilikasirika na wewe karibu miezi mitatu kwa kitu ambacho hukufanya, na wewe ukaniacha nikasirike. Sote wawili vichwa maji. Nimelia kidogo, nikakoma.

Ndiyo, nilipewa onyo, na maneno ya mdomo juu yake. Mkuu wa shule alisema plazma ikizimwa tena nje ya ratiba, darasa la kumi atapewa mwingine, hata kama ni wiki ya mtihani. Nilikaa naye nikamweleza. Ananijibu, "Mwalimu Worknesh, mimi mwenyewe simwelewi yule wa fizikia, lakini nifanye nini, na mimi nina mkuu wangu." Basi tangu hapo nimeiacha iwake. Nasimama pembeni, nanyamaza, naumia. Watoto wananitazama kama nimewauza. Zinash hainui mkono tena. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimewaambia habari ya Jumatano. Nimesema, "Huyu mwalimu kesho atawasubiri." Hawaniamini sana, lakini Zinash amekuja na kalamu mpya.

Upepo wa Jumapili uliangusha nguzo karibu na kinu na hatuna umeme. Watu wa umeme wanasema leo jioni. Walisema hivyo jana pia. Jenereta ya shule unaijua, inakunywa mafuta na kukohoa tu. Naandika haya nikiwa roho juu.

Dada yako,
Worknesh


Addis Ababa, Ginbot 10, 1998

Dada,

Nimesubiri!

Sina salamu leo, nisamehe. Niliwaambia waketi. Niliuliza hivi: mtu ana uzio wa urefu wa mita ishirini, anataka kuzungushia bustani ya umbo la mstatili. Aupange vipi ili bustani iwe kubwa iwezekanavyo? Nikalisema kwa Kiingereza, kisha nikalirudia kwa Kiamhari, jambo ambalo pia haliruhusiwi. Nikasema, "Sasa fikirini. Mimi nipo." Nikaweka karatasi chini.

Dakika mbili, Worknesh. Hujui dakika mbili ni ndefu namna gani mpaka ukae mbele ya nchi nzima huna la kusema. Mafundi nyuma ya ukuta wa kioo wakaanza kunipungia. Mmoja akachukua simu. Mwingine akajikata shingo kwa kidole, maana yake nimalize. Jasho likanitiririka. Nami nikawa naliona darasa lako, ule mlango usiofungika, na huyo Zinash wako ambaye simjui sura. Nikasema moyoni, mpe nafasi, bado anaandika. Zilipokwisha nikaeleza jibu polepole nikamaliza.

Nje ya mlango nilikuta meneja. Hakupiga kelele. Alisema simu zimelia kutoka kila kona, watu wanauliza kama mtambo umeharibika. Nimerudisha koti. Kazi ya kwenye kioo imekwisha, na sidhani kama nina kazi nyingine humo ndani. Sitaki uhuzunike kwa hilo. Nataka kitu kimoja tu, unijibu upesi kuliko ulivyowahi kunijibu. Walifanya nini zile dakika mbili? Zinash alijibu? Nani aliinua mkono? Niambie kila kitu, hata waliokosea. Hasa waliokosea.

Demissew


Amba Wuha, Ginbot 21, 1998

Demissew, mdogo wangu,

Naanza na lenye uchungu ili nisipate nafasi ya kulikwepa. Umeme haukurudi. Jumatano saa tatu watoto walikuwa wamekaa, kizimba kimefunguliwa, kioo cheusi tii. Walikitazama zaidi ya nusu saa. Mkuu wa shule aliipiga teke ile jenereta mpaka akachechemea. Umeme ulirudi Alhamisi, tena mchana. Hakuna hata mmoja hapa aliyekuona ukisubiri.

Barua yako ilipofika nilimsomea Mama. Aliniambia, "Mwandikie kwamba walijibu wote. Mtoto amepoteza kazi, unataka umpe na hilo?" Nilishika kalamu, nikashindwa. Mtu aliyekaa kimya mbele ya nchi nzima siwezi kumdanganya. Nilikasirika, ee Mungu nilikasirika! Na nguzo, na upepo, na wewe, na miezi yote hii. Mwaka mzima nakuomba kitu kimoja, umekitoa kwa gharama ya kazi yako, kikaenda kwa watu wengine wote isipokuwa wetu.

Asubuhi yake nikaichukua barua yako nikaenda nayo darasani. Ilikuwa saa ya marudio, nje ya ratiba ya plazma, hakuna wa kunikataza. Nikawasomea. Yote, mpaka yale ya kidole shingoni. Hawakucheka. Nikaandika swali lako ubaoni, nikawaambia, "Ameuliza. Anasubiri." Nikavuta kiti nikakaa chini, nikafunga mdomo.

Umesema kweli, dakika mbili ni ndefu. Hazikunitosha, nikaongeza. Mkuu wa shule alipita, akachungulia, akaona mwalimu amekaa na darasa limenyamaza, akaenda zake. Kisha mikono ikaanza. Bekele wa mbele akasema tisa kwa moja, kwa sababu ndefu ndiyo kubwa. Wakamvamia, "Bustani gani hiyo, hiyo ni njia ya mbuzi!" Mwingine akasema nane kwa mbili, mwingine saba kwa tatu, wakawa wanazidisha na kupigiana kelele, mpaka wakafika tano kwa tano wenyewe, mita za mraba ishirini na tano. Walipoona kwamba hakuna inayozidi hiyo walishangilia. Uliomba wale waliokosea, basi ndio hao, walikosea karibu wote, na wakatoka huko wenyewe.

Nikadhani tumemaliza, nikasimama nifute ubao. Zinash akainua mkono.

Akauliza, "Mwalimu, nyumba iko wapi?"

Nikamuuliza nyumba gani. Akasema, "Mwenye bustani ana nyumba. Akiianza bustani ukutani, ukuta ni uzio wa bure, ule wa kwake anazungushia pande tatu tu." Akaja ubaoni, akachora ukuta, akapanga tano, kumi, tano. Hamsini. Mara mbili ya jibu lako. Halafu akanigeukia. "Mbona mwalimu wa plazma hakusema kama kuna ukuta au hakuna?"

Nikamwambia naweza kujibu kwa niaba yako, swali lilivyosemwa ukuta haukutajwa. Akakataa. "Usimjibie, Mwalimu. Nimemuuliza yeye."

Mama anasema urudi nyumbani, goti halimruhusu kuja kukuchukua. Nami nasema rudi. Mkuu wa shule anasema somo la hesabu la darasa la tisa halina mwalimu. Mshahara wenyewe unaujua, na plazma utaikuta ukutani palepale.

Mtihani ni wiki ijayo. Sijui kama atapita, na sitajidanganya kwamba asubuhi moja imeziba mwaka mzima. Ila jana jioni wenzake walipokwisha kuondoka alirudi mlangoni akaniuliza kama umeshajibu. Nikamwambia barua yenyewe bado sijaituma.

Akasema, "Si neno, Mwalimu. Nasubiri."

Dada yako,
Worknesh